Tochi ya Mchana

Siku tuliyomzika mama, mchungaji alisema tumempoteza mwanamke mpole. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, leso mkononi, nikanyamaza, kwa sababu msibani mtu habishani na mchungaji. Tena mchungaji mwenyewe ni mgeni. Alimjua mama miezi ile ya mwisho tu, alipokuwa kitandani na sauti imemwisha, na mtu asiye na sauti huonekana mpole. Lakini Mungu aliyemuumba anajua, na mimi niliyelala naye chumba kimoja miaka kumi na tisa najua. Mama hakuwa mpole. Naandika haya ili wajukuu wake wasije wakadanganywa.

Mama alikuwa fundi wa plasta. Alianza kwa kubeba ndoo za mchanga, akapanda mpaka akawa na genge lake la watu wanne, wanaume watupu, na yeye ndiye aliyewakagua kazi. Kwenye majengo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Tochi Mchana, kwa kuwa mfuko wa kushoto wa suruali yake ya kazi haukukosa tochi, na aliiwasha jua likiwa la utosini. Wageni walicheka. Walimuuliza anatafuta nini na tochi saa sita mchana, mume? Aliwajibu kwamba mume alishampata, sasa anatafuta uongo.

Uongo wa plasta hauonekani kwa mwanga wa kawaida. Ukuta ukiutazama uso kwa uso unauona laini kama sahani. Lakini ulaze tochi ubavuni mwa ukuta, karibu kuugusa, mwanga uutambae kutoka pembeni, hapo kila shimo na kila tumbo hutoa kivuli chake, na fundi aliyelipua kazi hana pa kujificha. Mama akiridhika alichomoa penseli kwenye kilemba chake na kuchora tiki moja juu ya sanduku la swichi. Tiki hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa. Wapaka rangi wote walijua kwamba bila tiki ya Tochi Mchana brashi haichovywi. Na tiki ikishachorwa haifutwi. Rangi hupita juu yake, mambo yakaisha.

Tochi yake ya zamani ilikuwa ya bati, yenye mwanga mpana na hafifu. Mwaka niliomaliza sekondari ikafa kabisa. Mama alikuwa na haraka siku hiyo, akaingia duka la kwanza aliloliona, akapewa tochi ya kisasa yenye kichwa cha kuvuta. Ukikivuta mbele, mwanga unajikusanya na kuwa kama mkuki. Ukikirudisha nyuma, unatawanyika. Muuzaji alitoka nayo mlangoni akamulika jengo la ng'ambo ya barabara, saa nne asubuhi, na mwanga ukaonekana. Mama akashawishika. Nani asingeshawishika?

Wakati huo genge lake lilikuwa linamaliza kliniki ya kina mama na watoto. Chumba kikubwa kuliko vyote pale ni cha kusubiri, na dari yake ilipigwa plasta juu ya zege tupu. Wiki hiyo goti la mama lilikuwa limevimba. Ile tochi mpya ilifika darini bila yeye kupanda jukwaa, basi kwa mara ya kwanza maishani mwake akakagua dari akiwa amesimama sakafuni. Akauzungusha mkuki wake wa mwanga huku na huku, akaona pote safi, akachora tiki.

Jumapili tulipotoka ibadani mimi nikaanza kupangusa vumbi sebuleni. Nyuma ya kalenda yetu kuna tumbo dogo ukutani. Mama alilipiga mwenyewe zamani alipokuwa anajifunza kazi, akakataa kulirekebisha ili limshikishe adabu. Nikaishusha kalenda, nikachukua tochi mpya nicheze nayo. Nikamulika, tumbo sikuliona. Kilichoonekana ni kipande cheupe cha pembe nne tu, kwani tochi za namna ile zikivutwa hadi mwisho huchora ukutani umbo la kijitaa chenyewe. Nikamwambia mama kwamba tumbo lake limepona.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaninyang'anya tochi, akakirudisha kichwa chake nyuma, akailaza ukutani, na tumbo likajitokeza pale pale lilipokuwa miaka yote. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, tochi ikiwaka mapajani, akasema neno moja.

"Dari."

Nilijaribu kumtuliza. Nilisema pengine dari ni nzima, na kwa vyovyote tiki imeshachorwa, kesho wapaka rangi wanaingia, nani atajua. Mama akanitazama kama mtoto wa jirani.

"Wewe hujui na mimi sijui," alisema. "Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Alisali siku hiyo mpaka chakula kikapoa. Sikusikia alichoomba. Alipoinuka hakuwa na uso wa mtu aliyeomba kusamehewa, alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kazi.

Jumatatu tulikuwa mlangoni mwa duka la vifaa vya umeme kabla halijafunguliwa, mimi nimembebea mkoba wa nyundo na patasi. Muuzaji alikuwa kijana mcheshi, na alipoona mama anataka tochi akatoa ile anayoisifu kuliko zote. Alisema hiyo inafika kilomita nzima.

"Mimi sina ugomvi na kilomita nzima, mwanangu," mama akamwambia, akanyoosha mkono. "Nina ugomvi na hapa mpaka pale."

Akaomba zote zenye mwanga wa kubadilishwa ziwekwe mezani. Nilimuuliza kwa nini asichukue tu ya mwanga mpana kama ile ya bati. Akasema mkuki nao una kazi yake, kwenye kona za mbali na ndani ya mashimo ya mabomba. Kosa halikuwa la mkuki, lilikuwa la mtu aliyeutumia mahali pa mwanga mpana. Anachotaka ni tochi isiyoamua kwa niaba yake.

Basi akaanza kuzitesa. Aliitia kila moja mfukoni, akatembea mpaka mwisho wa duka, akachuchumaa na goti lake bovu, akainuka, akaitoa na kutazama kama kichwa kimesogea. Zenye kichwa cha kuvuta zilisogea karibu zote, akazirudisha. Nyingine ukibonyeza mara ya pili inamweta kama gari la wagonjwa, akairudisha na kusema yeye hakimbizi mtu hospitali. Nyingine mwanga wake mpana ulikuwa na doa jeusi katikati. Hiyo akaisukuma kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa nzi kwenye chai. Kisha akamwomba muuzaji arudishe mlango nusu, akazilaza zilizobaki kwenye ukuta wa duka, moja baada ya nyingine. Wateja wawili waliokuwa wamefika wakasogea kutazama. Ukuta wa yule kijana ulikuwa na matuta kama barabara ya vumbi baada ya mvua.

"Mama, umekuja kununua tochi au kunibomolea duka?" kijana akauliza.

"Nani alikupigia plasta hii?"

"Shemeji yangu."

"Mwambie shemeji yako arudi shule."

Akachagua ndogo nyeusi, ya kutoshea kiganjani. Kichwa chake hakivutwi, kinazungushwa, tena kinagoma kidogo, kwa hiyo mfukoni hakijigeuzi. Kitufe kimoja kitakoni, kuwasha na kuzima basi. Kibano cha kuishika mfukoni, na betri za kawaida zinazouzwa kila kioski. Kijana alisema kuna nzuri zaidi ya hiyo. Mama akasema anajua, na hiyo ndiyo anayoitaka.

Tulipofika kliniki wapaka rangi walikuwa wameshafungua ndoo. Mkubwa wao, ambaye sote tulimwita Mzee wa Rangi, alimsalimu mama vizuri, akashangaa kumwona anakwenda moja kwa moja kwenye jukwaa. Mama alipanda polepole, goti likimuuma, midomo ikicheza kwa sala. Juu akazungusha kichwa cha tochi mpaka mwisho wa upana, akailaza darini.

Hata mimi niliyekuwa chini niliona. Kutoka katikati ya chumba mpaka karibu na dirisha dari ilikuwa imeshuka, kama godoro lililolaliwa na mtu mzito. Mama akagonga kwa mpini wa mwiko. Kwingine palitoa sauti fupi, ya kitu kilichoshikana. Pale palitoa sauti ya debe tupu. Zege lilikuwa limebaki na mafuta yanayopakwa mbao za kulimiminia, plasta ikalikataa, sasa ilikuwa inaning'inia tu. Chini ya hapo, sakafuni, palikuwa pameshapigwa chaki kuonyesha mabenchi ya kina mama wenye vichanga yatakapokaa.

Mama akashuka. Akaenda kwenye sanduku la swichi, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akaifuta tiki yake.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa ameingia wakati huo. Alikuwa mtu wa buti safi, na alikuwa ameahidi kukabidhi jengo Ijumaa.

"Unafanya nini, mama?"

"Nafuta."

"Tiki haifutwi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Niliichora kwa uvivu, nimesimama chini kama mtalii. Naifuta mwenyewe."

Msimamizi akapunguza sauti. Alianza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba hakuna fundi kama yeye, kwamba dari kama hizo hukaa miaka. Alipoona hayaingii akageuza kibao. Alimwambia habari ikitoka kwamba Tochi Mchana alipitisha dari mbovu, jina lake limekwisha, na bila jina hana kazi. Hilo lilikuwa kweli. Mama alijua ni kweli, na mimi nilijua, maana ada yangu ya chuo ilikuwa inangoja jina hilo hilo.

"Acha liishe," mama alisema. "Jina halikalii benchi."

Msimamizi akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akachora tiki yake, kubwa kuliko ya mama mara mbili, akawaamuru wapaka rangi waanze. Mzee wa Rangi akaisogelea, akaitazama kwa makini kama mtu anayesoma barua.

"Hii siyo," alisema. Akaifunika ndoo yake na kuikalia.

Ndipo msimamizi alipomwambia mama atoke kwenye eneo lake la kazi. Mama alikubali kutoka, ila alisema atatoka baada ya kuchukua kilicho chake. Akaniomba mkoba. Akapanda tena, akatuambia tusogee ukutani, akaweka patasi kwenye ukingo wa lile tumbo na kupiga nyundo. Pigo la tatu dari ikaachia. Kipande kikubwa kama mlango kilianguka chote kwa pamoja juu ya zile alama za chaki, na vumbi likatufunika wote. Lilipotulia tukaliona zege tupu. Msimamizi alikuwa anajipangusa buti.

Dari hiyo mama aliirudia kwa siku nne, bila malipo, msimamizi akimwacha kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kuiziba upesi, akilisugua zege kwanza mpaka mafuta yakatoka. Lakini tiki hakuiweka. Msimamizi alikuwa ameshamwondoa kwenye orodha ya mafundi, na mama alisema hachori tiki mahali asipohesabiwa kuwa fundi. Mzee wa Rangi alipaka bila tiki, kwa kumwamini mama tu. Msimamizi hakumwita tena maishani, na alieneza kwamba amezeeka haoni. Tulikaa karibu mwaka mzima mama akiziba nyufa za majiko na vyoo vya majirani, na chuo nikaenda kwa kuchelewa. Njiani watu walimtania, "Tochi Mchana, betri ziliisha?" Aliwajibu, "Ziliisha, nikabadilisha," akaendelea na safari yake kichwa juu. Kazi kubwa zilirudi moja moja. Waliomtafuta ni watu waliosikia habari ile ile ya aibu, wakaielewa vingine.

Mwaka jana, alipozidiwa, tulimpeleka kliniki hiyo hiyo, kwani siku hizi inapokea na wagonjwa wengine. Nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha kusubiri. Hakutazama watu, alitazama juu. Kisha akagusa mkoba wangu, nikajua anataka nini. Nilivua viatu, nikapanda benchi, nikanyoosha mkono na tochi nyeusi kuelekea darini, mchana kweupe, kina mama na watoto wao wakitukodolea macho.

"Panua," alisema, kwa sauti iliyobaki.

Nikazungusha kichwa. Dari ilikuwa imelala sawa kama maji ya kisimani. Nesi akaja mbio kuniambia nishuke. Mama akamwinulia kiganja.

"Vumilia kidogo, dada. Nakagua."

Aliitazama kutoka dirishani mpaka katikati, na kurudi. Akaniomba nimsogeze kwenye swichi, akaniomba penseli. Tiki aliichora mwenyewe, juu ya rangi. Nesi alilalamika kwamba tunachafua ukuta wa serikali. Mama akamrudishia macho mpaka yule dada akapata shughuli nyingine.

Baada ya mazishi shangazi alitaka kuigawa tochi pamoja na nguo. Nilikataa. Naibeba kila siku, na wanaonicheka nawaacha wacheke. Mwezi uliopita nilipita kliniki. Wamefuta kila mwandiko kwenye kuta zile, wakapaka upya, ila mpaka rangi alizunguka tiki ile kwa brashi nyembamba, akaiacha. Mungu amlaze mama mahali pema, na malaika watakaompokea wajiandae, maana atawakagua.