Wanga Kutoka Ugenya

Kabla hujalijua jina la Phares, ungeviona vidole vyake. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia havikutulia: alivibananisha, kisha akaviachanisha polepole, kama mtu anayevuta uzi usioonekana. Alifanya hivyo kanisani, akafanya hivyo kwenye foleni ya maji pale Makongeni alikopanga chumba, na wasiomjua walidhani ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Kwa miaka kumi na mmoja Phares alikuwa mpishi wa gundi katika kiwanda cha katoni huko Industrial Area, na gundi hupimwa hivyo: unaichota ingali vuguvugu, unavuta. Ikitoa uzi mrefu, imeiva. Ikikatika upesi, katoni itafunguka safarini na sabuni za watu zimwagike barabarani.

Kazi aliipenda. Kilichomla moyo ni umbali. Mkewe Adoyo alibaki nyumbani kwao, Ugenya, kulima na kumtunza mama yake Phares, na likizo ilikuwa wiki mbili tu, kila Desemba. Wiki ya kwanza mke na mume walioneana haya kama wageni. Ya pili, ndiyo kwanza wamezoeana, ilikuwa inakwisha. Binti yao Anyango alijifunza kutembea, kusoma na kupika samaki, na yote hayo baba aliyapata kwa barua.

Mwaka wa 1980 mahindi yaliadimika. Watu walipanga foleni ya unga tangu alfajiri, na kiwanda, kilichozoea kupika gundi kwa wanga wa mahindi, kikaambiwa kwamba mahindi ni ya kuliwa kwanza. Ndipo msimamizi wao, Mulwa, mtu wa Kitui mwenye utani mkavu, alipomwita Phares akamuuliza kama kweli kwao kuna muhogo mwingi kama alivyozoea kujisifu. Wakubwa sasa walitaka wanga wa muhogo. Mfanyabiashara mmoja wa pwani alikuwa tayari kuwauzia. Lakini kama wa Ugenya ungefaa, wangeununua huko, na wangehitaji mtu wa kukaa hukohuko, aupokee, aukague na kuupakia.

"Awe mtu anayejua gundi," Mulwa akasema. "Mimi namjua mmoja tu."

Jioni ile Phares alikaa kitandani na karatasi mapajani. Kukaa hukohuko! Aliyarudia maneno hayo mpaka yakamlevya. Ila alipoanza kuandika alikwama. Kwa Kijaluo hakulijua neno la wanga. Alilokuwa nalo ni *mogo*, yaani unga, basi akaliandika hilo: nitumie mogo wa muhogo, mweupe kabisa, gunia moja, upesi.

Gunia lilifika kwa basi la nyumbani baada ya wiki mbili. Phares alilibeba begani mpaka kiwandani, akapika gundi mbele ya Mulwa, akachota, akavuta. Uzi ulikatika. Akavuta tena, ukakatika tena. Hata hivyo wakabandika katoni ishirini, na kufikia mchana zote zilikuwa zimeachama kama watu wanaopiga miayo. Harufu chachu ilijaa jikoni.

Mulwa aliinusa sufuria. "Phares, hii ni gundi au ni uji wa matanga?"

Wapakiaji walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Phares hakucheka. Alikuwa ameshaijua ile harufu. Adoyo alikuwa ameumenya muhogo, akauvundika siku tatu, akauanika, akausaga, vile wanawake wa kwao wafanyavyo kwa ajili ya ugali. Alikuwa ametuma chakula. Mulwa alimpa nafasi moja zaidi, hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo wangetia sahihi na yule wa pwani.

Alilirudisha gunia Makongeni. Jirani yake Nerima, mwanamke wa Busia, alichungulia ndani, akatia unga kidogo ulimini.

"Shemeji, huu ndio wanaotaka kubandikia makaratasi? Lete sufuria."

Akasonga ugali wa rangi ya majivu, wenye kunata, na omena, dagaa wa ziwani, pembeni. Majirani waliokuwa wamechoshwa na foleni za unga walikula wakanawa mikono wakisifu. Phares alimega tonge la kwanza, akalishika bila kulitia kinywani. Aliiona meza yao ya nyumbani, taa ya kandili, mama yake akimwambia Anyango asogee baba akae. Nerima alimuuliza kama chumvi imezidi. Akasema hapana, chumvi iko sawa.

Usiku uleule akaandika upya, safari hii hatua kwa hatua. Muhogo ukunwe ungali mbichi, siku ya kuchimbwa. Ukamuliwe majini kwa kitambaa. Maji yaachwe yatuame, kisha yamwagwe taratibu. Kinachobaki chini, cheupe kama chaki, ndicho kianikwe. Na ili asikosee tena, akaliandika neno lenyewe la Kiswahili, wanga, akalipigia mstari.

Jibu la Adoyo lilimkuta langoni mwa kiwanda. "Baba Anyango," aliandika, "mara ya kwanza nilidhani una njaa, nikakutumia unga mzuri kuliko wote niliokuwa nao. Sasa nielewe kwamba nitupe chakula niwatumie sira iliyotuama chini ya maji? Haya, nitafanya. Ila umeandika kwamba unataka wang'a. Kwa lugha ya mama yako hilo ni jicho langu. Jicho langu halipandi basi. Ukilitaka, njoo ulitazame hapa." Na chini kabisa: "Mama ananiuliza kila siku unarudi lini. Nimjibu nini?"

Gunia la pili lilikuja Ijumaa, dogo, zito. Wanga ulilia chini ya kidole kama mchanga mkavu. Phares aliukoroga kwa maji baridi, akaumimina katika maji ya moto, akatia soda na boraksi kwa kipimo kilekile cha kila siku, huku Mulwa amesimama bila utani. Uzi ulitoka, ukarefuka, ukang'aa. Mulwa alitikisa kichwa tu. Uzi peke yake, alisema, haushiki sabuni. Wakabandika katoni ishirini, wakazijaza sabuni, wakazipanga moja juu ya nyingine stooni, mlango ukafungwa. Zingefunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, mbele ya wakubwa.

Jumapili Phares hakwenda kokote baada ya ibada. Alimwandikia Adoyo kwamba sira yake imefika salama, akawasalimu wote kwa majina, akafika kwenye swali la mama. Hapo aliacha nafasi ya mistari miwili, aijaze kesho stoo ikishafunguliwa. Akaitia barua katika bahasha, akabandika stempu, asiifunge, akaitia pamoja na kalamu katika mfuko wa koti la kazi, koti akalitundika mlangoni, akaketi kuikabili saa ya mezani. Ilikuwa saa kumi jioni.