Lori la Matembezi

Katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilifundisha Kiswahili katika nyumba ya misheni pale Sumbawanga, iliyopokea wageni kutoka Ulaya: mapadri vijana, masista wauguzi, na walei wachache waliokuja kufundisha ufundi. Walikaa kwetu miezi minne, kisha wakapelekwa parokiani. Nilikuwa nimetoka chuo cha makatekista, na Padri mkuu wa nyumba alinichukua kwa majaribio. Namshukuru Mungu kwa kazi ile. Ilinipa chakula na vitabu, na sitaitukana leo kwa sababu nimezeeka.

Jumatatu hadi Ijumaa tulikuwa darasani. Jumamosi ilikuwa siku ya matembezi, na mpangaji wa matembezi nilikuwa mimi. Juma moja tulikwenda madukani Mazwi ili wanafunzi wajifunze kununua vitu. Mwenye duka mmoja, Mwislamu mcheshi, aliwangojea kwa hamu.

"Sista, umekubali bei ya kwanza? Mumeo atakufukuza!"

"Sina mume, mzee."

"Basi Padri ndiye atakufukuza!"

Juma jingine walicheza mpira na vijana wa Milanzi, wakafungwa vibaya, wakarudi wakiimba kama washindi. Nilizipenda siku hizo.

Palikuwa na sharti moja. Hapo mwanzo wenyeji waliwaomba wageni saa, viatu, au lifti ya lori letu hadi kwa shemeji. Padri akachoka. Akaamuru kwamba kokote tutakakotembelea, mtu asimwombe mgeni kitu chochote, na kwamba lori ni la wanafunzi tu. Mimi ndiye niliyetumwa kulitangaza sharti hilo katika kila kijiji kabla ya wageni kufika. Nililitangaza vizuri, kwa sauti ya kanisani.

Mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, kiangazi kikiwa kinakwisha, Padri alitaka wanafunzi waone ulezi unavyosagwa na togwa inavyopikwa. Nikachagua nyumbani kwa mama yangu, upande wa Mpui, nikampelekea habari. Niliona fahari. Nilijua watu wa kule wameagizwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, lakini nilikuwa nimesikia wamepewa muda hadi baada ya Krismasi.

Tulipofika, safari hii pamoja na Padri mkuu, nyumba ya mama haikuwa na paa. Mgambo walikuwa wamepita juzi yake wakaezua nyumba zote ili watu wasing'ang'anie. Waliezua hata ghala la ulezi. Mama alikuwa amelifunika kwa mkeka mkuukuu na nyasi, akaweka mawe juu. Majirani walishaondoka na mizigo yao kichwani. Yeye, mjane mwenye goti bovu, alibaki kulinda ghala, maana ndani yake mlikuwa na chakula chake cha mwaka mzima na mbegu za msimu. Mawingu yalishaanza kukusanyika.

Padri kijana mmoja, mwanafunzi wangu, alizitazama kuta.

"Mwalimu, wanajenga upya?"

"Ndiyo," nikasema. "Wanajenga upya."

Mama alikuwa amepika togwa hivyo hivyo, jikoni kusiko na paa. Kwetu mgeni haelezwi shida ya mwenyeji kabla hajanywa. Akangoja kila mmoja amalize kibuyu chake. Ndipo akachuchumaa mbele ya Padri mkuu, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kama tufanyavyo mbele ya mtu wa heshima. Akasema kwa Kifipa, kwa kuwa Kiswahili hakukijua:

"Mwanangu, mwambie baba huyu. Gari lake limekaa tupu tangu asubuhi. Linichukulie ulezi wangu hadi kijiji kipya, safari moja tu. Mvua inakuja. Sitaki kingine."

"Mama anasemaje?" Padri akaniuliza.

Wote walinitazama. Hapakuwa na mwingine aliyejua Kifipa. Nikalikumbuka sharti nililolitangaza kwa kinywa changu. Nikaikumbuka barua ya kunithibitisha kazini, ambayo Padri aliahidi kuiandika mwezi ule. Nikamsikia moyoni akisema: hata mama wa mwalimu naye anaomba.

"Anasema karibuni sana," nikajibu. "Amefurahi kuwaona."

Wanafunzi wakachuchumaa wote, wakampigia mama makofi, kama nilivyowafundisha darasani kumwitikia Mfipa anapokusalimu. Mama alipoona makofi alidhani wamekubali. Uso wake ukakunjuka. Akainuka kwa goti lake bovu, akaenda kuondoa mawe juu ya ghala.

Nikamfuata. "Mama, acha."

"Niache nini, na wenyewe wamekubali?"

"Hawajakubali. Wameshukuru kwa togwa. Gari wamesema haiwezekani."

Alikuwa ameshika jiwe. Alilirudisha juu ya mkeka polepole, akajifuta viganja kwenye kitenge chake.

"Na togwa yangu wamekunywa," alisema.

Tuliondoka saa tisa. Wanafunzi walikaa mbele kwenye bodi ya lori, wakiimba. Nyuma yao palikuwa na nafasi ya magunia ishirini, na mpira mmoja uliokuwa ukiviringika huku na huku kila tulipokata kona.

Jumapili mchana mvua ilinyesha hadi jioni. Nilikuwa kanisani, nikiongoza rozari.

Jumatatu niliwapa wanafunzi insha juu ya matembezi yetu, kama ilivyokuwa desturi. Nikakaa na kalamu ya wino mwekundu. Mmoja aliandika, "Mama alitupokea kwa furaha." Mwingine, "Mama alifurahi kutuona." Ukurasa baada ya ukurasa nilisahihisha herufi, na ule uongo nikaupita bila kuugusa. Sista mmoja muuguzi, mtu wa maneno machache, alikuwa ameandika: "Mama alianza kufungua ghala, halafu akalifunga. Sikuelewa. Naomba mwalimu anieleze." Nikaweka alama ya vema. Baada ya darasa alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, lile ghala?"

"Alitaka kuwaonyesha ulezi, Sista. Muda ulikuwa umekwisha."

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa nikaenda kwa baiskeli. Ulezi ulikuwa umelowa na kuchipua ghalani, mweupe kama ndevu, unanuka. Mama alishahama na sufuria zake. Mwaka ule alikula kwa kupimiwa na wengine, yeye ambaye siku zote ndiye aliyekuwa akiwapimia wenzake.

Barua yangu ilikuja. Nikathibitishwa.

Sista yule alipangiwa zahanati ya kijiji kipya cha mama. Alijifunza Kifipa hadi akawatania wazee. Kila alipokutana na mama alichuchumaa akampigia makofi, na kila mara mama aligeuza uso. Watu wakamsema mama kwamba hana adabu. Goti lilipovimba, akakataa kwenda zahanati.

"Siendi kwa watu waliokunywa kwangu wakaninyima," aliniambia.

"Samehe, mama," nikamjibu. "Bwana wetu ametufundisha kusamehe."

Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, nikiwa nimeketi kwenye kigoda chake.

Nilikwenda kuungama kwa padri wa parokia nyingine. Alinipa rozari moja, na akaniagiza nikamweleze mama ukweli. Rozari niliisali siku ile ile. Kwa mama nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno. Mavuno yalipita, na mengine, na mengine tena. Mungu alinivumilia kuliko nilivyostahili. Mama alifariki akichechemea, asijue.

Kwenye mazishi Sista alikuja. Alichuchumaa kwenye udongo mbichi, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, muda mrefu. Kisha akaja niliposimama.

"Mwalimu, miaka yote hii. Nilimkosea nini mama yako?"

Nikamweleza yote, sikubakiza. Nilimweleza kwa Kifipa, kwa maneno yale yale ya mama. Alinisikiliza hadi mwisho, wala hakunikemea. Alitazama barabara ya kurudi mjini.

"Lori lilikuwa tupu," alisema.

"Ndiyo, Sista."

"Na sisi tulikuwa tunaimba."