Kibuyu Kilichokuwa Kikilia Kanisani

Mnapenda kusumbua wazee. Mtu niliyejifunzia herufi ukubwani, darasa la ngumbaru, vidole vimekakamaa kwa jembe, halafu mnaniletea kalamu niandike habari za Dorotea wa Buhongwa. Haya, naandika. Atakayecheka mwandiko wangu aje aniandikie yeye.

Dorotea aliolewa Buhongwa akiwa na mbegu za kibuyu kwenye pindo la nguo. Vile vibuyu vya shingo ndefu na ganda nene, vya kusukia maziwa. Mama yake alimpa sharti moja: kila mavuno, kibuyu kikubwa kuliko vyote hakipasuliwi. Kinatundikwa juu ya moshi wa jikoni, mbegu tumboni, mpaka mvua za kwanza. Alifanya hivyo miaka thelathini.

Halafu biashara ikaachiwa huru, mnadani kukajaa ndoo na madumu ya plastiki, mekundu na ya bluu, mepesi kama karatasi. Wanawake wakaacha kupanda vibuyu. Dorotea naye akaacha. Pasaka ya mwaka 1993, Venant, mwalimu wa kwaya kule Nyegezi, alikuja kuomba kibuyu cha manyanga, ya kutikisa wakiimba, ya kwao yamepasuka. Dorotea akakishusha kile cha mbegu, cha mwisho, akampa mbele za watu, kwa maringo. Alijiambia mbegu zipo kwa majirani.

Miaka mitatu ikapita. Maziwa ya kwenye dumu yalinuka plastiki, siagi haishikani. Akasema, napanda tena. Akaenda kwa Adoyo, mke wa kaka yake, Mluo mwenye mdomo.

"Wifi, nipe mbegu za kibuyu."

"Mbegu? Si ziko kwako! Wewe ndiye uliyekuwa unaturingia nazo."

Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Alizunguka nyumba kumi na tisa mpaka barabara ya Shinyanga, na kila mama alikuwa ameacha kupanda akijua mwenzake anazo. Dorotea akakaa juu ya jiwe. Mbegu ya mama yake imekwisha, na aliyeitoa nje ya nyumba ni yeye mwenyewe.

Ndipo akakumbuka Pasaka. Akamburuta Adoyo mpaka Nyegezi. Waliikuta kwaya mazoezini, kibuyu kinalia cha-cha-cha.

"Shikamoo, mama," alisema Venant.

"Marahaba. Nimefuata kibuyu changu."

"Lakini mama, si ulimpa Mungu?"

"Nilimwazima. Na yeye anajua kilichomo tumboni."

"Mwalimu, mpe tu," Adoyo akadakia. "Huyu alishagombana na fahali, fahali ndiye aliyeondoka."

Venant akacheka, akakitoa. "Na Jumapili tutapiga nini?"

"Pigeni makofi."

Alikipasua nyumbani, juu ya mkeka. Unga mtupu! Miaka mitatu ya kutikiswa, mbegu zimesagana zenyewe kwa zenyewe. Alichambua kwa kucha, akapata nzima sita. Akazipanda kando ya zizi kwenye samadi ya zamani, akaziwekea miiba kuku wasiparue.

Siku ya saba, kimya. Ya tisa, kimya. Adoyo aliacha kumtania, na hilo ndilo lililomtisha Dorotea zaidi.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, udongo ulikuwa umepasuka. Mche mmoja, majani mawili manene, umejitwika ganda la mbegu kichwani kama mama anayetoka ziwani na ndoo.

"Adoyo! Njoo!"

Adoyo alikuja mbio na mwiko wa ugali mkononi. Dorotea alikuwa ameketi pale pale kwenye samadi, anacheka huku machozi yanamtoka. "Ipo, wifi. Mama, ipo!"

Mche ule ulitambaa mpaka juu ya paa, ukazaa vibuyu tisa. Kikubwa kikapanda kwenye moshi, na huko hata askofu asingekishusha. Venant naye alipelekewa chake, kimejazwa kokoto badala ya mbegu.

Nimemaliza, mkono unauma. Sasa wewe uliyesoma, nenda jikoni kwa bibi yako, tikisa kila kibuyu kilichotundikwa. Kikilia, kisipasuliwe mpaka mvua, kisha niletee mbegu tano hapa Buhongwa. Na usiniambie ulidhani atazileta mwingine.