Usukani Umenyooka, Gari Je?

Juzi, kwenye gereji moja ya Buzuruga, nilimkuta mwalimu amelirudisha gari lake. Lilikuwa limefungwa springi ndefu ili livuke makorongo ya njia ya shuleni; tangu hapo usukani ulikaa upande na gari likawa linavuta kushoto.

Springi zikibadilishwa, mkao wa matairi hubadilika, hivyo ni lazima upimwe upya. Fundi hakupima. Aliuchomoa usukani, akaurudishia ukiwa umenyooka.

"Tayari, madam."

"Na matairi?"

"Hayo huyaoni ukiendesha."

"Basi pakia wanao, tukalijaribu mpaka Magu."

Akakuna kichwa. "Wanangu waache, madam. Barabara ile ina malori."

Kumbe alijua! Alijua tangu alipokuwa akiukaza usukani ule, huku kiti cha nyuma kimejaa madaftari ya watoto wa wenzake.