Siku Mdogo Wangu Alipotaniwa Akapata Kazi

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita, na mimi ndiye mkubwa wa watoto wote. Sikurudi darasani tena. Nilianza kuchoma mahindi pale Mkata, barabarani, na mabasi yakisimama nilikimbia na sinia langu kichwani nikiwaelekea abiria madirishani. Kazi hiyo siilalamikii. Imetulisha sote na imemsomesha anayenifuata, mdogo wangu wa kike, mpaka akamaliza mafunzo ya upishi katika chuo cha ufundi Korogwe.

Nilichokikataa ni kimoja tu: yeye naye asije kukimbilia madirisha ya mabasi.

Lakini alipomaliza chuo alikaa nyumbani mwaka mzima na zaidi. Siku zile matangazo ya kazi yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya ajira Korogwe, ndani ya kioo. Ukitoka Mkata, ukabadilisha gari Segera, ukafika Korogwe, unakuta tangazo limeshapitwa na wakati, au ofisi imefungwa kwa kuwa mwenye ufunguo amekwenda kwenye kikao. Mara nyingine tangazo lilitaka uombe kwa kompyuta. Mdogo wangu alirudi, akachukua kipepeo akaanza kupepea moto wa mahindi pembeni yangu. Nilimnyang'anya kile kipepeo kila siku, na kila siku akakichukua tena.

Kisha akaja afisa mpya wa dawati la ajira, dada mmoja mchangamfu mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Huyo hakungoja watu wausogelee ubao. Aliandikisha namba za simu za vijana, na nafasi ikitokea anatuma ujumbe. Ujumbe wetu uliingia kwenye simu yangu nikiwa nageuza mahindi: hoteli ya barabarani Mkumbara, wanaposimama abiria kula, inatafuta mpishi. Wanaotaka wafike Korogwe siku ya gulio kwa usaili.

"Nikikosa na hii, kaka," mdogo wangu aliniambia, "utaninunulia sinia langu. Sitaki kubishana tena."

Nilimwambia avae gauni zuri.

Tukaenda. Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye baraza, karibu kabisa na gulio. Barazani aliketi mama wa Kisambaa aliyeteremka na mapeasi yake kutoka milimani, ameyapanga mafungu mafungu. Tukamwamkia, akaitikia, tukaingia ndani mimi na mdogo wangu. Kwetu mtoto asiye na wazazi hapelekwi mbele ya watu peke yake. Mkubwa wake anaongozana naye na anamsemea.

"Karibuni," afisa alisema. "Haya mdogo wangu, unajua kupika nini?"

"Anapika kila kitu," nilijibu.

Afisa alinitazama, akamgeukia tena. "Pilau ya basi zima, unaweka mchele kiasi gani?"

Mdogo wangu aliinamisha macho. 

"Wa kutosha," nilisema.

"Kaka, wewe ndiye unayetafuta kazi ya upishi?"

"Hapana, dada. Mimi nachoma mahindi."

"Basi naomba ukatuchungulie mapeasi hapo nje."

Nikatoka, lakini dirisha lilikuwa wazi na masikio yangu yalibaki ndani. Nikamsikia afisa anauliza juu ya mchuzi. Mdogo wangu akajibu, "Najua kidogo tu." Chapati? "Kidogo." Kupika kwenye shughuli kubwa? "Nimejaribu kidogo."

Nilijishika kichwa. Hakuwa anadanganya wala hakuwa mjinga. Alikuwa na adabu. Nyumbani kwetu ukiulizwa na mkubwa wako unajua nini, husemi najua. Unasema kidogo, naye mkubwa anajua maana yake ni mengi. Mama yetu alikuwa hivyo miaka yote, akisifiwa anasema amechemsha tu. Lakini afisa yule alikuwa mtu wa mbali, na alikuwa anayasikia yale majibu kama yalivyo.

Mdogo wangu alipotoka uso wake ulikuwa umeshuka. Afisa alimwambia asubiri barazani wakati anamwita mwingine, na namna alivyolisema hilo nikajua tumekwisha. Tukaanza kunong'onezana kwa Kizigua, mimi nikimlaumu, yeye akiniambia twende tukanunue sinia.

Mama wa mapeasi akatega sikio.

"Ala! Kumbe Wazigua! Na huyu binti ndiye anataka kazi ya kupika?"

Kwetu Mzigua na Msambaa hutaniana, na utani hauna mkubwa wala mdogo. Ukichokozwa ukanyamaza, umeshindwa.

"Ndiye," nilisema.

"Mtawaua abiria bure. Mzigua anajua kupika nini zaidi ya bada, ugali wenu wa muhogo? Tena linakwama kooni mpaka Moshi!"

Mdogo wangu aliinua kichwa. "Mama, bada langu nikikusongea utasahau njia ya kurudi mlimani kwenu."

"Kwa mkono huo mwembamba? Mwiko utakugeuza wewe!"

"Mkono huu umepika pilau ya harusi Magoma, mvua inanyesha, kuni mbichi, moshi mpaka bwana harusi analia, na hakuna punje iliyoshikana na mwenzake! Kaulize! Sufuria mbili kubwa, na mchele niliupima mwenyewe kwa bakuli, sikumwuliza mtu."

"Chapati je? Zenu si ndizo watu wanazoezekea nyumba?"

"Zangu unazikunja mara nne hazivunjiki. Na mchuzi wa samaki wa nazi naupika kwa moto mdogo, nazi haikatiki, tofauti na ninyi mnaochemsha viazi na majani mkasema mmepika!"

Mama wa mapeasi alicheka mpaka fungu moja likaporomoka. Watu waliokuwa wakingoja usaili nao wakacheka. Nilipogeuka nikamwona afisa amesimama mlangoni.

"Wewe binti," alisema, "mbona hayo hukuniambia ndani?"

Mdogo wangu akainamisha macho tena. "Ndani ulikuwa unaniuliza, dada. Huyu ananichokoza."

 Afisa akarudi ndani, akatoka na kiti chake, akakiweka barazani kando ya mapeasi. Akamwita aliyefuata, kijana wa kuchomelea vyuma, naye alipojibu "najua kidogo" tu, afisa akamgeukia mama yule.

"Mama, hebu na huyu mchokoze."

"Na mshahara wangu nani analipa?" mama aliuliza, lakini alishaanza.

Siku hizi afisa yule huja mpaka Mkata, anaweka meza yake gulioni. Haulizi tena mtu anajua nini. Anamwambia asimulie kazi ngumu aliyoifanya na jinsi alivyoimaliza, na kaka na dada wakubwa anatutengea benchi mbali, na chai.

Siku ile alimpeleka mdogo wangu Mkumbara kwa jaribio. Nilimsindikiza. Mwenye hoteli, mzee mpole aliyevaa kofia ya kufuma, alimpa jiko, sufuria na gunia la mchele, akatuacha. Mabasi mawili yalifika kwa pamoja. Abiria walikula, wengine wakaomba kuongezewa, dereva akapiga honi, hakuna aliyenyanyuka. Mzee alinipa na mimi sahani, akaketi mbele yangu.

"Kaka mtu," aliniuliza, "wewe unaonaje, huyu anajua kupika?"

Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikachota wali nikaujaza mdomo wote, nikaelekeza kidole jikoni.

Mzee aligeuka. "Binti, unajua kupika?"

Mdogo wangu alifuta mikono kwenye kanga. Alinitazama, nami nikaendelea kutafuna.

"Najua, mzee," alisema.

"Basi kesho uwashe moto mapema. Basi la kwanza lina watu wenye njaa."

Nilimaliza wali wangu wote, nikarudi Mkata kwenye sinia langu, moja tu.