Waridi la Muuza Karavani

Muuza karavani wetu wa hapa Yorkshire hasemi na mteja bila kikombe cha chai mkononi, na neno "kiwandani" hulitamka kama mtu anayewasema wakwe zake. Tuliagiza karavani, kijumba cha kuvutwa na gari, lenye soketi ya umeme ubavuni, kwa nje; likaja na bomba la kuogea. "Kiwandani huko, mzee wangu! Mimi nauza tu," akaapa, akaahidi kurekebisha. Leo tumekwenda kulichukua. Soketi ipo, lakini yeye ameegemea ubavu wa karavani palepale lilipokuwa bomba, mvua inamnyeshea, chai inajaa maji, na habanduki. Mke wangu, Doreen, akainua kamera. "Hebu sogea, baba. Tumenunua karavani, hatukukununua wewe." Akasogea shingo upande. Nyuma yake palikuwa na stika mpya ya waridi jeupe, nembo ya Yorkshire, imebandikwa mshazari. "Hiyo zawadi yetu kwenu," akasema upesi. Doreen akaibonyeza, kidole kikazama kwenye tundu la lile bomba mpaka kwenye pete. Ndipo nilipomwona yule bwana, kwa mara ya kwanza, akiweka kikombe chini. Nikageuka kuyatazama makaravani mengine yaliyopangwa uani. Yote yalikuwa na waridi.