Madabodi za Shemeji

Felisiani, fundi redio wa Mpanda aliyegeukia kompyuta, hakuwa mtu wa kuamini. Akinunua kilo ya sukari, alikuwa anaipima tena nyumbani. Sasa, mwaka 1999, shemeji yake Sixte, mume wa dada yake Helena, alishuka treni akitokea Dar na madabodi mbili, yaani zile bao kuu za ndani ya kompyuta: moja ya memori ya kasi ya megahezi 66, nyingine ya 100. Makubaliano yalikuwa wazi. Zikiwa halisi, wangefungua karakana pamoja, na Helena angerudi Mpanda baada ya kukaa Dar miaka tisa. Felisiani alimkumbuka dada yake mpaka moyo ukamuuma. Lakini vitu vya Dar, alijiambia, havikosi ujanja.

Akazijaribu kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa tumbaku, mbele ya Sixte na Yustina, karani wa chama. Prosesa ileile, diski ileile, kazi ileile: kupanga upya orodha za wakulima za misimu kumi, kuanzia kijiji cha Mwamkulu hadi Sibwesa, saa ya mkononi ikihesabu. Ile ya 66 ilimaliza kwa dakika tatu na sekunde arobaini. Ya 100 ikachukua tatu na hamsini na mbili. Akarudia mara tatu, jibu likawa lilelile.

“Unaona?” akamwambia Yustina. “Ya kasi imeachwa na ya pole!” Akamgeukia Sixte. “Shemeji, yaani umeniletea wizi mpaka mkononi?”

Sixte aliwasha kompyuta upya, akaingia kwenye mipangilio. Kasi ya ile madabodi ya 100 ilikuwa imeshushwa hadi 66, na muda wa memori kusubiri kabla ya kujibu umewekwa mrefu kuliko yote.

“Nani kaweka hivi?” akauliza.

Felisiani ndiye aliyeweka. Umeme wa jenereta wa Mpanda hupanda na kushuka, hivyo fundi wa hapa akipokea chombo asichokijua hukishusha kwanza, sauti, kasi, chochote, kisiungue. Ile ya 66 aliijua, akaiacha. Hii ya 100, mkono uliishusha wenyewe, kichwa hakikuuliza.

Sixte akarudisha namba. Kazi ikarudiwa: dakika tatu na sekunde tano.

Aibu ilimwingia Felisiani, aibu ya kweli. Sixte akachukua begi lake, akaliweka mezani.

“Kagua kabisa, shemeji, ndo niondoke. Nyie msije mkasema nimebeba kitu.”

Yustina akainamisha uso. Felisiani alijua kwamba neno moja tu la kukataa kukagua, hapana, lingemrudisha Helena. Alijua hilo vizuri, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye zipu.